Taji Halilipi Kodi ya Nyumba

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wa kikundi cha maigizo hapa Minneapolis, wengi wao Wakenya na Watanzania, pamoja na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa chai na mahamri, na asanteni kwa kunivumilia, maana mimi ni fundi wa mavazi ya jukwaani, si mtu wa kushika maikrofoni.

Mliniomba nizungumze juu ya riziki ya msanii aliyetoka Afrika akaja kutafuta jukwaa huku. Pengine mlitarajia mwanamuziki, au mwigizaji wa Hollywood. Mimi nimemchagua BeBe Zahara Benet. Naona vijana kadhaa wametabasamu, na mzee mmoja hapa mbele amekunja uso. Mzee wangu, nipe muda wangu huu tu. Ukitoka hapa bado humpendi, hiyo ni haki yako, lakini utakuwa umejua kazi yake inafanywaje.

BeBe ni jina la jukwaani. Mwenye jina ni Marshall Kudi Ngwa, mwanamume aliyezaliwa Kameruni mwaka 1981, akaja Marekani, akaweka makao katika mji huu huu tunaogandishwa nao na baridi. Kazi yake ni dragi: anapanda jukwaani akiwa amejenga umbo, sura na mwendo wa mwanamke, kisha anaimba, anacheza, anafuatisha wimbo kwa midomo, anachekesha, anautawala ukumbi. Mwaka 2009 alishinda msimu wa kwanza kabisa wa RuPaul's Drag Race, shindano la runinga ambalo leo lina matawi Uingereza, Kanada, Uhispania, Ufaransa, Brazili, Ufilipino na kwingineko. Orodha ya washindi, popote utakapoisoma, inaanza na Mwafrika mhamiaji kutoka Minnesota.

Watu wakimtaja humaliza hapo: alishinda. Mimi naona ushindi huo ni kipande kifupi sana cha habari yake, na kwenu nyinyi mnaotaka kula kwa sanaa, si kipande chenye faida kubwa. Faida iko kabla ya taji na baada yake.

Tuanze na kabla. Mnaijua Hennepin Avenue. Pale katikati ya mji ipo Gay 90's, klabu kubwa ya miaka mingi, yenye kumbi kadhaa ndani. BeBe alifanya kazi pale, usiku kwa usiku, kabla kamera yoyote haijamjua. Na kazi ya dragi ya klabuni, kwa walioona taarab, haihitaji maelezo mengi: ni kutunzwa. Msanii anaanza wimbo, mtu anainuka na noti yake, anamfuata, msanii anaipokea huku hajakosa hata neno moja la wimbo. Tofauti ni kwamba hapa noti ni ya dola moja moja, na ukitaka kodi ya mwezi itoke kwenye noti za dola moja, utacheza mpaka visigino viote sugu. Klabu inakulipa kiasi chake kwa usiku, lakini wigi ni lako, viatu ni vyako, kope za bandia ni zako, teksi ya kubebea masanduku ni yako.

Hapo ndipo watu wa ufundi kama mimi tunaingia, na hapa niruhusuni nikae kidogo.

Hiki nilichoshika ni kipande cha sponji, ile ile ya godoro. Umbo la nyonga na makalio mnaloliona kwenye runinga linaanza na kitu hiki. Unachora mchoro wake kwa kalamu, unakikata kwa kisu cha umeme cha kukatia nyama, halafu inakuja kazi yenyewe: kupunguza kingo kwa mkasi, kidogo kidogo, mpaka ziwe nyembamba kama karatasi. Ukiuacha ukingo mnene, taa ya jukwaani itauchora juu ya nguo, na ukumbi mzima utaona mahali nyonga ya dukani inapoanzia. Kisha mtu anavaa taiti ya kwanza, sponji inapachikwa mahali pake, taiti ya pili juu yake, ya tatu, wengine mpaka tano, kila moja inalainisha kosa la iliyo chini yake. Halafu korseti. Halafu nguo yenyewe. Chini ya taa, ndani ya yote hayo, mtu anacheza dakika nne bila kuonyesha kwamba anapika kama muhogo.

Uso nao una mambo yake. Nyusi za mwanamume zimekaa chini, karibu na jicho. Kwa hiyo zinazibwa kwa gundi ya kijiti, ile ya watoto wa shule: unapaka kufuata unywele, unalaza, unasubiri ikauke, unapiga poda, unapaka tena, mpaka pale palipokuwa na nyusi pawe laini kama paji la uso. Kisha nyusi mpya zinachorwa juu zaidi, na jicho linapata uwanja mpana wa kupaka rangi. Faundesheni nyeusi kidogo chini ya mfupa wa shavu, nyeupe kidogo juu yake, na pua inachongwa upya kwa vivuli. Saa mbili, tatu, zinakwisha kwenye kioo. Mkiona mtu anasema "huyu amevaa tu gauni", mjue hajawahi kuziba nyusi.

Kwa upande wa mtindo, BeBe alifanya jambo ambalo mimi kama fundi nalihusudu. Wengi wa rika lake walihangaika kujipunguza waonekane wembamba na wadogo. Yeye alijiongeza: chapa za chui, manyoya, mapambo makubwa ya kichwani, nywele zilizotimka kama za simba dume, vito vinavyofunika kifua. Bega pana halifichiki, basi yeye analipatia kazi ya kubeba. Na kila mara alisema hayo yanatoka wapi, Kameruni. Hakusubiri mtu amuulize. Wapo wakosoaji wanaoona kwamba chapa za chui zinamuuzia mzungu Afrika ya porini anayoitaka. Hoja hiyo naielewa, na kwa baadhi ya mavazi nakubaliana nayo. Lakini nikitazama jinsi anavyotembea ndani ya vazi lile, naona mtu anayefanana zaidi na mke wa chifu siku ya sherehe kuliko mnyama wa sarakasi.

Sasa tuje kwenye shindano lenyewe. Lilianza kurushwa tarehe 2 Februari 2009 kwenye Logo, chaneli ndogo ya kebo iliyowalenga watazamaji mashoga na wasagaji. Washindani tisa. Mwenye kipindi ni RuPaul, ambaye alishakuwa nyota wa dragi tangu wimbo wake wa 1992, na ambaye miaka hiyo kampuni nyingi hazikuwa na haja naye. Bajeti ilikuwa ya kubana. Picha zenyewe zilikuwa na ukungu wa ajabu, kana kwamba kioo cha kamera kimepakwa mafuta ya mgando, na mashabiki wanautania msimu huo kwa sababu hiyo mpaka leo. Changamoto ya kwanza ilikuwa kutengeneza vazi kwa vitu vya bei ya chini kabisa. Fainali ikamkutanisha BeBe na Nina Flowers, msanii wa Puerto Rico aliyependwa sana na watazamaji, na tarehe 23 Machi taji likaenda kwa BeBe.

Kuna tukio moja la msimu ule nalitaja kwa wale wenu mnaoomba kuingia vipindi vya namna hii. Mshindani mwenzao, Ongina, alishinda changamoto ya kutengeneza tangazo la kampeni dhidi ya UKIMWI. Akaangua kilio papo hapo jukwaani, akasema anaishi na VVU, na kwamba alikuwa hataki kulisema kwenye runinga ya taifa kwa sababu wazazi wake hawajui. Kamera zikaendelea. Wengi walimpongeza kwa ujasiri, na ujasiri ulikuwepo kweli. Lakini mkumbuke kwamba runinga inalipwa kwa machozi kama inavyolipwa kwa vicheko, na kile ulichoingia ukiwa umekificha mfukoni, kipindi kitakuwa na subira kuliko wewe.

Zawadi ya BeBe ilikuwa dola 20,000, pamoja na vipodozi na nafasi ya kuonekana kwenye jarida na ziara. Msizidharau, dola 20,000 ni pesa. Ila toeni kodi ya serikali. Toeni madeni ya mavazi. Gaweni kilichobaki kwa miezi ya kodi ya nyumba mjini hapa, kisha mniambie imebaki miezi mingapi. Kufikia 2022 mshindi wa msimu uliowakutanisha washindi watupu, Jinkx Monsoon, aliondoka na 200,000. Mara kumi. Wa kwanza kufika kisimani alikuta kata, waliofuata wakakuta mfereji.

Na pesa si tofauti pekee. Angalieni tarehe. BeBe alishinda Machi 2009. Instagram ilizaliwa Oktoba 2010. Maonyesho makubwa ya mashabiki wa dragi, ambako msanii anakaa kwenye kibanda chake akiuza fulana na kupiga picha na watu kwa malipo, yalianza Los Angeles mwaka 2015. Kipindi chenyewe kilihamia VH1, chaneli inayoingia nyumba nyingi zaidi, mwaka 2017, na tuzo ya Emmy ya shindano bora kilipata 2018. Yaani ile mitambo yote inayomgeuza mshiriki wa leo kuwa biashara kabla hata kipindi chake hakijaisha, haikuwepo. Yule aliyetolewa wa kwanza mwaka jana ana wafuasi wengi kuliko alivyoweza kuwa nao malkia wa 2009 usiku ule alipovikwa taji.

Basi alifanya nini? Alifanya kazi. Kuna filamu ya maisha yake, Being BeBe, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Tribeca mwaka 2021, ya mwongozaji Emily Branham, ambaye alianza kumfuata na kamera mwaka 2006, miaka mitatu kabla ya runinga. Miaka 15 ya kumfuata mtu mmoja! Nawasihi mwitafute. Humo utamwona akitunga maonyesho yake mwenyewe, yenye wanamuziki na wachezaji, si dakika nne za klabu. Utamwona akienda New York kutafuta ukubwa, utaona pesa zikimpiga chenga, utamwona amerudi Minneapolis. Utaona sebule, mifuko ya nguo, simu za kudai na kudaiwa. Mimi nimefanya kazi nyuma ya pazia muda mrefu, na sijaona mahali pengine palipoonyesha kwa uaminifu kiasi hicho kwamba msanii mwenye taji anaweza kuwa hana nauli.

Nawaambia hivi kwa sababu nimewashonea wengi waliokuja na ramani kamili ya siku ya ushindi, lakini kesho yake hawana. Wanajua watalia vipi. Wanajua watamshukuru nani. Ukiwauliza Jumatatu watafanya nini, wanakutazama kama umewatukana.

Mwaka 2018 BeBe akarudi shindanoni. Ilikuwa All Stars, tawi la shindano lile linalowarudisha washiriki wa zamani, msimu wa tatu, Januari, washindani tisa wametangazwa, halafu wa kumi anaingia ghafla, ni BeBe. Hakuna mshindi mwingine aliyewahi kurudi kushindana kabla yake. Wenzake hawakuamini, baadhi walishuku kwamba amepandikizwa na watayarishaji awapeleleze. Fikirieni uzito wa jambo lile: ana taji tayari, na ameamua kuliweka rehani mbele ya vijana ambao baadhi yao walikuwa shuleni yeye anashinda. Akifeli, watasema la kwanza lilikuwa bahati.

Siku ya kwanza akawekwa uso kwa uso na Aja, kijana wa Brooklyn mwenye miguu ya umeme, wafuatishe wimbo mmoja kwa midomo. Aja alikuwa ameruka kutoka juu akajibwaga chini kwa mgongo katika onyesho lake la awali, watu wakashika vichwa. BeBe hakujaribu kuruka. Mtu mzima hashindani mbio na watoto. Alisimama, akatumia macho, shingo, kiuno, akachelewesha kila ishara nusu ya pigo, na akashinda. Kwa kanuni za msimu ule, mshindi ndiye anayemtoa mmoja kati ya walioshindwa, naye akamtoa Morgan McMichaels.

Alifika wanne wa mwisho. Hapo watayarishaji wakaleta mtego wao: waliotolewa wote wanarudi, wao ndio wanaowachagua wawili watakaogombea taji. Wakamchagua Kennedy Davenport na Trixie Mattel, na Trixie akashinda. BeBe na Shangela wakabaki kando, mashabiki wakachachamaa kwa wiki nyingi. Mimi sikushangaa. Ukishawatoa watu mezani, usitarajie wakuandalie chakula. Lakini tazameni kilichotokea baadaye: mwaka 2019 TLC, chaneli ya mambo ya familia, ikampa yeye na wenzake watatu kipindi maalumu cha kuwasaidia maharusi kujiandaa na ndoa zao, na 2020 kikawa mfululizo kamili. Mtu aliyekosa taji la pili akaishia kwenye sebule za akina mama wa Marekani ambao hawajawahi kukanyaga klabu ya Hennepin Avenue. Ushindi haukumpa hilo. Kurudi ndiko kulikompa, pamoja na sifa ya mtu anayeweza kukaa na bibi harusi anayelia akamtuliza.

Sasa nifike pale mzee wangu anaponingojea.

Utasikia: haya ni ya wazungu, yametuharibia watoto. Nitajibu kama mtu wa historia ya mavazi, siasa nitawaachia wengine. Mtu wa kwanza tunayemjua kwa jina katika nchi hii aliyejiita malkia wa dragi ni William Dorsey Swann, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Maryland. Miaka ya 1880 alikuwa akiandaa karamu za dansi mjini Washington, wageni wake wakiwa wanaume waliovaa magauni ya hariri na satini, wengi wao nao wametoka utumwani. Polisi waliivamia mojawapo mwezi Aprili 1888, na badala ya kukimbia yeye akawakabili. Mwaka 1896 alifungwa, akamwomba Rais Grover Cleveland msamaha, akanyimwa. Tena katika miaka ya 1960 na 1970, pale wasanii weusi walipoona mashindano ya urembo ya dragi yanawapendelea weupe, Crystal LaBeija aliondoka jukwaani kwa hasira, na baadaye akaanzisha nyumba yake mwenyewe ya wasanii huko New York. Kwa hiyo BeBe aliposimama 2009, alisimama kwenye sakafu iliyopigwa na watu weusi, hata kama wenye chaneli walikuwa wengine.

Wala kwetu mwanamume kuvaa dera jukwaani si kitu kipya. Nani hapa hajacheka na Joti akiwa amevaa kama mwanamke? Nani hajamwona Flaqo akiwa Mama Otis, na leso yake, na ile sauti ya mama anayekuuliza mara tatu swali moja? Sisemi hao ni wasanii wa dragi, wala wao hawajisemi hivyo. Nasema jicho letu limezoea. Kinachotutofautisha ni kwamba kwetu mwanamume akivaa gauni ruhusa yake ni kicheko: lazima wigi likae upande, lazima titi moja liteleze, ili sote tujue ni mchezo. BeBe anavaa ili umtazame kwa kumstahi. Anaposimama na uso ule, anataka ukae kimya. Nadhani hicho ndicho kinachowasumbua watu zaidi kuliko gauni.

Na usumbufu huo una bei yake. Sheria ya Kameruni, kifungu cha 347-1, inatoa kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano pamoja na faini kwa mapenzi ya jinsia moja. Haisemi lolote kuhusu mavazi. Lakini mwaka 2011 mahakama ya Yaoundé iliwafunga vijana wawili, na katika yaliyotajwa dhidi yao ni nguo za kike walizovaa na kwamba walionekana wakinywa Baileys, kinywaji ambacho hakimu alikiona ni cha wanawake. Rufaa iliwaachia huru Januari 2013. Nilisoma habari ile nikiwa na sindano mkononi. Mimi ninashona, kwa hiyo najua kitambaa hakina jinsia mpaka mtu akitazame, lakini sikuwahi kufikiri kwamba chupa ya pombe tamu inaweza kuingizwa kwenye jalada la mashtaka.

Wengi wenu mnazijua sheria za nyumbani Afrika Mashariki. Sina haja ya kuzisoma. Na msidhani Marekani imetulia: mwaka 2023 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kubana maonyesho ya dragi, na mawakili wakapata kazi mahakamani.

Turudi kwa mtu wetu. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi ya sindano na sponji. Kameruni haikumpa jukwaa la kazi hii, na asingeweza kuifanya hivyo Yaoundé au Douala. Bado kila alipopewa maikrofoni alilitaja jina la nchi yake kwa kujigamba, kwa lafudhi ya nyumbani, na manyoya juu. Waandishi wa hapa walitarajia habari ya mkimbizi anayelaani alikotoka. Hakuwapa. Na watu wa nyumbani walitarajia aone haya. Hakuwapa pia. Baadhi ya mashabiki wake wanaona alipaswa kusema makali zaidi, mapema zaidi, kuhusu wale waliobaki. Ile filamu ya 2021 inawapa watu hao wa Kameruni nafasi ya kusema, na ukiisikiliza utaelewa kwa nini swali hilo si jepesi: mwenye ndugu nyumbani hapimi maneno kwa mizani ya mwenye ndugu wote New York.

Sasa nyinyi. Kikundi chenu hakifanyi dragi, kinafanya maigizo ya Kiswahili, mwezi ujao mna onyesho, na kiongozi wenu amenionyesha bajeti. Nimeisoma. Mmetenga pesa za mabango, za mpiga picha, na za keki. Za mavazi mmeandika "kila mtu aje na zake". Nimecheka, halafu nikakasirika kidogo. Baadhi ya washiriki wa lile shindano la runinga wamesema hadharani kwamba walikopa ili wajaze masanduku ya kwenda nayo, maana kipindi kinataka nguo mpya kila wiki na mwenye kulipa ni mshiriki. Hilo si jambo la kuiga. Ni jambo la kuuliza mapema: nani analipia ninachovaa, picha zangu ni za nani onyesho likiisha, na nikiitwa jimbo jingine nauli inatoka wapi. Majibu yaandikwe, yatiwe saini. Ukiambiwa "utapata kujulikana", uliza kama mwenye nyumba wako anapokea kujulikana.

Na jifunzeni kitu cha pili cha mkono. BeBe aliimba, akatunga maonyesho, akaongoza wengine, akazungumza kwenye runinga ya maharusi. Binti yule wa pale nyuma anayesuka wenzake kabla ya mazoezi, wewe tayari una kazi mbili. Anza kutoza ya pili.

Nimeongea vya kutosha, na chai inapoa. Sponji na taiti nimeziacha kwenye meza ile ya kushoto, pamoja na gundi na poda. Anayetaka kujaribu kuziba nyusi aje, ila anawe uso kwanza. Maswali ya mavazi tuanze nayo, ya sheria yafuate, na wewe mzee wangu wa mbele, ukitaka, uulize la kwanza kabisa.